Harusi Inayohamishwa Mara ya Pili

Kwa miaka mingi lami kutoka Nairobi iliishia Isiolo. Aliyeendelea mbele kuelekea Marsabit na Moyale alikula vumbi na mawe. Kanda za video hazikujali. Mfumo wa VHS, ulioingizwa sokoni na kampuni ya JVC ya Japani mwaka wa 1976, ulienea Kenya katika miaka ya 1980 na 1990, na harusi isiyokuwa na mtu wa video ikaanza kuonekana haijakamilika. Kanda moja ya E-180 ilibeba saa tatu: nikaha, sinia za pilau, ngoma, shangazi akimkimbia mpiga picha.

Nakala zilisambaa pamoja na jamaa. Isiolo, mji uliochanganya Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, haukukosa watoto wa ng'ambo, na wao nao walirudisha kanda nyumbani. Hapo ndipo kizungumkuti kilipoanza. Kenya ilitumia mfumo wa televisheni wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Marekani ilitumia NTSC, wenye mistari 525 na picha karibu 30. Kanda kutoka Minnesota, Marekani, ikitiwa kwenye deki ya kawaida, bwana harusi alipanda na kushuka kwenye skrini, tena bila rangi.

Uhamisho wa kwanza ulikuja na diski ya VCD. Ilikuwa rahisi, ilipendwa, na ndiyo iliyoharibu mengi. Picha ya PAL hujengwa kwa nusu mbili za mistari zinazopokezana, lakini VCD yenye ukubwa wa 352 kwa 288 ilichukua nusu moja tu, kisha ikaibana hadi vitambaa vya maharusi vikawa vipande vya miraba. Wengi waliridhika, wakatupa kanda.

Mwaka wa 2015 Kenya ilizima mitambo ya televisheni ya analogi, watu wakahangaikia ving'amuzi, na deki zikaishia stoo. Julai 2016 Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuunda deki za VHS, ilifunga kazi hiyo. Mwaka wa 2019 UNESCO ilionya kwamba kufikia 2025 huenda kanda za sumaku zisiwe na mashine za kuzisoma.

Sasa kanda zilizonusurika zinahamishwa tena, na fundi anayejua kazi huanza mbali kabisa na kompyuta. Huinua kifuniko cha kanda na kuangalia kingo za utepe: unga mweupe ni ukungu, na kanda hiyo haiingii kwenye deki hadi isafishwe, la sivyo itaambukiza nyingine zote. Kisha husafisha ngoma ya deki, ile silinda yenye vichwa vya kusomea inayozunguka mara 25 kwa sekunde. Vumbi la Isiolo likitua hapo, picha hujaa michirizi, na hakuna programu ya kuirejesha vizuri.

Ndipo deki huunganishwa na kompyuta. Waya wa S-Video, deki ikiwa nao, hupitisha mwanga na rangi kila kimoja njia yake. Kifaa cha kunyoosha mistari huzuia picha kutetemeka. Vifaa vya bei rahisi vya kuchomeka kwenye USB hudondosha picha kimyakimya, na baada ya nusu saa sauti ya kadhi huanza kuachana na midomo yake. Fundi makini huhifadhi nusu zote mbili kwa ukubwa wa 720 kwa 576, katika faili isiyopoteza kitu kama FFV1. Saa moja inaweza kula gigabaiti 30 au zaidi. Nakala ya MP4 ya kutuma kwa simu hutengenezwa baadaye, kutoka kwenye hiyo.

Ung'arishaji wa akili bandia usubiri. Mara nyingi humpa bibi arusi uso wa mtu mwingine.

Kinachowashangaza wateja ni muda. Kanda ya saa tatu huhamishwa kwa saa tatu, haiharakishwi, na kanda kumi ni saa 30 za deki ambayo haitengenezwi tena.