Edward Saidi Tingatinga na Wanyama wa Kwao

Jamaa zangu, katika nyumba zetu nyingi, ziwe Maskat, Dubai au London, hutundikwa picha ya mraba yenye chui au tembo wa rangi kali zinazong'aa. Ililetwa na mtu aliyekwenda likizo Dar es Salaam au Unguja, na mgeni akiuliza ni nini, hujibiwa kwa neno moja: “Tingatinga.” Vijana waliozaliwa huku hudhani hilo ni jina la aina ya picha, waliosalia na Kiswahili chao hufikiri mtambo wa kuchimbia barabara. Kumbe ni jina la mtu, naye alikuwa mhamiaji kama walivyokuwa wazee wetu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanganyika, nchi ya misitu ya miombo si mbali na mto Ruvuma. Majina yake mawili, moja la Kikristo na moja la Kiislamu, yanatosha kuonesha mchanganyiko uliokuwako katika nchi ile. Katika miaka ya 1950 alifuata njia ya vijana wengi wa kusini: akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha Dar es Salaam, ambako alitumikia nyumba ya Mwingereza na kuitunza bustani yake.

Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa mtu mzima, bila ya kupita chuo chochote cha sanaa. Turubai hakuwa nayo. Alikata mbao nyembamba za dari vipande vya mraba, kiasi cha sentimita 60 kila upande, akapaka rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli. Picha zikauzwa Oysterbay, nje ya duka la Morogoro Stores, walikokuja Wazungu kununua mahitaji yao.

Zitazameni picha zake mwenyewe, si za waliomfuata. Mara nyingi mna mnyama mmoja tu, nyati au chui, amejaa ubao mzima, na nyuma yake uwanja wa rangi moja au mbili. Hakuna mlima Kilimanjaro wala kundi la twiga wanaosukumana. Hayo yalikuja baadaye, soko lilipokua. Wako wanaosema alichora matakwa ya watalii. Sikatai kwamba alihitaji fedha, lakini hoja hiyo hainitoshi. Mtu aliyekuwa akiishi mjini, mbali na misitu ya kwao, alimchora mnyama peke yake, bila nyasi wala kivuli, kama akili inavyohifadhi kitu kilichoachwa nyuma. Mimi naona humo kumbukumbu ya mhamiaji. Wazee wetu waliokuja Omani baada ya 1964 walikuwa wakisimulia mkarafuu mmoja au kisima kimoja namna hiyohiyo, na kila kilichokizunguka kimefutika.

Kwetu sisi, lazima niseme, picha hizi hazikuingia kwa urahisi. Katika nyumba za wazee wetu urembo ulikuwa katika mlango: yungiyungi, mnyororo, mtende, na samaki aliyechongwa hata asifanane sana na samaki. Kiumbe chenye roho hakikutundikwa ukutani. Marehemu bibi yangu aliigeuza picha ya tembo ikatazama ukuta kila aliposali chumbani mle, kisha akiigeuza tena, maana, alivyosema, mnyama hana kosa.

Tingatinga aliwafundisha vijana wachache, wengi wao jamaa zake kutoka kusini, kama fundi wa milango au wa majahazi anavyowafunza watoto wa ndugu zake. Haikudumu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi Dar es Salaam, waliodhani wanafukuza wahalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake waliendelea pamoja, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika kwa jina lake.

Mwaka 2010 watoto wetu wa Uingereza waliviona vikatuni vya “Tinga Tinga Tales” katika televisheni, vilivyotengenezwa Nairobi kwa mtindo wake, kobe na tumbili wakizungumza Kiingereza. Basi mwenye picha nyumbani aisome saini iliyo pembeni. Yake mwenyewe husomeka E.S. Tingatinga. Ya kwangu ina jina jingine.