Mtu Aliyetenganisha Rangi za Majani

Neno kromatografia limetoka katika Kigriki: «khroma» ni rangi, «graphein» ni kuandika. Lakini si ufundi wa kuandika. Ni namna ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika, nayo ilianza katika majani.

Mikhail Tswett alizaliwa Asti, katika Italia, mwaka 1872. Baba yake alikuwa Mrusi. Alisoma Geneva, akawa doktori mwaka 1896. Alipofika Urusi, hati yake haikukubaliwa. Ikampasa kuanza tena. Kiisha alifanya kazi Warszawa. Huko, mwaka 1903, aliwaeleza wenzake jaribio lake. Baadaye alishindilia unga wa chaki katika bomba jembamba la kioo, akamimina juu yake rangi ya majani iliyoyeyuka katika mafuta mepesi, kiisha mafuta matupu. Rangi zikashuka, nyingine upesi, nyingine polepole, zikawa pete mbalimbali. Basi klorofili si moja, ni mbili! Mwaka 1906 akaipa njia yake jina.

Richard Willstätter, mwalimu mkubwa wa kemia, alijipatia tafsiri ya Kijerumani ya kitabu cha Tswett cha mwaka 1910. Lakini aliona njia ile haifai kwa kupata rangi nyingi, na wengi wakafuata neno lake. Yeye alipewa zawadi ya Nobel mwaka 1915; Tswett alikufa Voronezh mwaka 1919, kazi yake karibu imesahauliwa.

Mwaka 1931, katika Heidelberg, Edgar Lederer, aliyefanya kazi kwa Richard Kuhn, mwanafunzi wa Willstätter, alisoma tafsiri ile ile. Akajaribu, akafaulu kutenganisha karotini.

Leo njia ni nyingi. Twaweza kuzigawa kwa kuuliza: kitu kinacheleweshwa na nini?

1. Kinashikamana juu ya unga, kama kwa Tswett.
2. Kinajigawa kati ya viowevu viwili, kimoja kimetulia, kimoja chapita. Hiyo ni njia ya Martin na Synge ya mwaka 1941. Walipewa Nobel mwaka 1952.
3. Kinavutwa na nguvu ya umeme iliyo katika chembe.
4. Kinaingia katika vitundu vidogo; kikubwa kisichoweza kuingia chatoka kwanza.

Tena chaweza kuchukuliwa na kiowevu au na gazi.

Nasi tunaohukumu kazi za wengine, tuangalie. Willstätter alikosa kuona thamani ya njia ile, lakini hakuitupa tafsiri. Kwa hiyo kazi ya marehemu ilifufuka.