Kaboya, Mahali Walipopokewa Mashujaa wa Vita vya Kagera

Kila ifikapo tarehe 25 Julai, Taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa. Wananchi wengi huifahamu siku hiyo kwa gwaride, dua na sala za viongozi wa dini na Wimbo wa Taifa unaopigwa mbele ya mnara wa kumbukumbu. Kwa wakazi wa Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, siku hiyo ina anwani yake. Huko Kaboya, ndani ya eneo la Jeshi la Wananchi wa Tanzania, yamo makaburi ya mamia ya wapiganaji waliofariki katika vita vya mwaka 1978 hadi 1979. Katikati yake umesimama mnara mweupe wenye majina yao.

Ili kuelewa kwa nini makaburi hayo yapo hapo, hatuna budi kurudi mwishoni mwa Oktoba 1978. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kulikalia eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, lenye ukubwa wa takriban kilometa za mraba 1,800. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa kupelekwa ng'ambo, kiwanda cha sukari kikaporwa na maelfu ya wananchi wakakimbilia kusini wakiwa na walichoweza kukibeba kichwani. Daraja la Kyaka lilivunjwa tarehe 3 Novemba. Kanisa lililokuwa karibu nalo lilibomolewa, na magofu yake yameachwa hadi leo ili yaonekane. Mpita njia anayetoka Bukoba kuelekea Mutukula hahitaji kusimuliwa mengi. Akitazama tu kuta zile atatambua kilichotokea.

Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia Taifa vita tarehe 2 Novemba. Jeshi la wakati huo halikuwa kubwa, na pengo lake lilizibwa na watu ambao wiki chache kabla walikuwa mashambani, viwandani na madarasani. Hao ndio wanamgambo. Mgambo haukuanzishwa kwa ajili ya vita hivyo. Mizizi yake imo katika Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotolewa baada ya Guinea kuvamiwa na baada ya Amin kutwaa madaraka nchini Uganda. Mwongozo huo ulitaka ulinzi wa nchi uwe kazi ya umma wote. Kwa hiyo, mwito ulipotolewa, vijijini walikuwapo watu waliokwisha kufundishwa kupanga safu na kushika silaha. Wapo walioitwa kwa zamu, na wapo waliojitokeza wenyewe. Walisafirishwa kwa treni, kwa mabasi na malori ya raia, na kwa meli za Ziwa Victoria, na katika muda wa miezi michache idadi ya wapiganaji ikavuka 100,000. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa wanamgambo.

Yaliyofuata yameandikwa mara nyingi na hapa yatatajwa kwa ufupi: Mutukula mwezi Januari 1979, Masaka na Mbarara mwezi Februari, Lukaya mwezi Machi, Kampala tarehe 11 Aprili, na mwisho wa vita tarehe 3 Juni, wapiganaji wetu walipofika mpakani mwa Sudan. Mkoa wa Ziwa Magharibi nao ukapewa jina jipya, Kagera.

Yasiyoandikwa vya kutosha ni habari za waliorudi. Vitabu vimewataja makamanda kwa majina yao, nao wanastahili. Mwanamgambo aliyerudi kijijini akaliokota jembe lake pale alipoliacha ametajwa kwa nadra, na mara nyingi habari zake zimebaki kwa jamaa zake tu. Wengine walibaki jeshini. Wengine walikaa Uganda wakilinda amani hadi mwaka 1981. Na wengine walirudi wakiwa wamebebwa na wenzao. Uamuzi wa kutowaacha katika ardhi ya ugenini, bali kuwarejesha na kuwazika pamoja Kaboya, ndio heshima ya kwanza waliyopewa, kabla ya hotuba yoyote. Kaburi la mtu wa Songea au Tabora likawa karibu na wale aliowapigania, mbali na wazazi wake, na ulinzi wake ukawa amana ya Jeshi na ya majirani wa hapo.

Heshima ya kila mwaka ina utaratibu wake, ambao mwananchi anayeutazama kwa mara ya kwanza hujiuliza maana yake. Saa sita usiku wa kuamkia siku yenyewe huwashwa Mwenge wa kumbukumbu ya mashujaa, nao huwaka kwa saa 24. Asubuhi, baada ya gwaride na tarumbeta ya maombolezo, huwekwa silaha za jadi chini ya mnara. Rais, ambaye ni Amiri Jeshi Mkuu, huweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime. Kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua. Meya huweka upinde na mishale, na mwakilishi wa wazee huweka shoka. Bunduki hazimo miongoni mwa zana hizo. Mkuki, upinde na shoka ni zana za raia aliyetoka nyumbani kwake kulinda mji wake, na mwandishi wa makala haya haoni alama nyingine ambayo ingemfaa zaidi mwanamgambo.

Maadhimisho ya kitaifa yamewahi kufanyika katika mikoa tofauti. Mwaka 2013 yalifanyika Kaboya penyewe, na Rais wa Awamu ya Nne, Dkt. Jakaya Mrisho Kikwete, aliweka mkuki na ngao mbele ya makaburi hayo. Miaka mingine mikoa huadhimisha kwenye minara yake, na Mkuu wa Mkoa huongoza shughuli. Wazee waliopigana huketi mbele, baadhi yao wakiwa wamevaa medali zao juu ya makoti ya kawaida. Idadi yao hupungua kila Julai. Usiku unaofuata, saa sita ikitimia, Mwenge huzimwa.