Hedifoni: zilikotoka, na zipi zitakufaa

Juzi mdogo wangu, aliye mwaka wa kwanza chuoni, alinitumia ujumbe mfupi: "Kaka, nina elfu tano. Ninunue hedifoni gani? Nataka za muziki, filamu na gemu." Nikaandika jibu la mistari miwili, nikalifuta. Nikaandika lingine, nikalifuta pia.

Sikutaka kumjibu juu juu, kwa sababu mbili. Kwanza, nilipokuwa rika lake nilinunua hedifoni kubwa za mtumba, nzito, za kupendeza. Nikazichomeka kwenye rununu na sauti ikatoka kama ya mtu anayenong'ona chumba cha pili. Nikaamini nimeuziwa mbovu, nikaziuza kwa nusu ya bei niliyonunulia. Miaka kadhaa baadaye ndipo nilipojua kwamba zilikuwa nzima kabisa. Mwenye kasoro nilikuwa mimi.

Pili, ni mluzi. Kwa miaka minne nilipanda matatu kwenda chuoni nikiwa na iafoni za shilingi mia mbili masikioni, nikishindana na spika za gari lenyewe. Hadi leo, nyumba ikitulia usiku, sikio langu la kushoto hupiga mluzi mwembamba usio na mwenyewe.

Basi jibu la mdogo wangu limekuwa makala. Nilipoanza kuchimba historia ya vifaa hivi niligundua jambo moja: kila aina ya hedifoni ilizaliwa na shida ya mtu fulani. Ukiijua shida hiyo, utajua kama ni yako. Haya, tuanze.

Opera kwa njia ya simu

Watu walianza kusikiliza burudani kwa kifaa cha sikioni kabla redio haijaja. Mwaka 1881, kwenye maonyesho ya umeme mjini Paris, Mfaransa Clément Ader aliweka maikrofoni kwenye jukwaa la Opera na kupeleka sauti kwa waya za simu hadi ukumbi wa maonyesho. Kila msikilizaji alishika vipokea sauti viwili, kimoja kwa kila sikio, na kila kimoja kilitoka kwenye maikrofoni tofauti. Watu wakashangaa kwamba waliweza kusikia mwimbaji yuko upande gani wa jukwaa. Hiyo ndiyo stirio, miongo mingi kabla ya neno hilo kuzoeleka. Kuanzia mwaka 1890 huduma hiyo, Théâtrophone, iliuzwa kwa wateja wa Paris, na mwaka 1895 London nayo ikapata yake iliyoitwa Electrophone.

Mwaka 1891 Mfaransa mwingine, Ernest Mercadier, alipata hataza ya vipokea sauti vidogo vya kuingiza masikioni. Kwa hiyo iafoni si uvumbuzi wa juzi. Zina zaidi ya miaka 130.

Jikoni mwa Baldwin

Hedifoni tunazozijua, vikombe viwili vikiunganishwa na utepe unaopita juu ya kichwa, zinatokana zaidi na Nathaniel Baldwin wa jimbo la Utah, Marekani. Mwaka 1910 aliwapelekea Jeshi la Majini la Marekani sampuli aliyoitengeneza mwenyewe. Wapokeaji wa redio melini walikuwa na shida ya kusikia ishara hafifu, na kifaa cha Baldwin kilizileta wazi kuliko walivyokuwa navyo. Jeshi likaagiza vingi, naye akajibu kwamba anaweza kuleta kumi tu kwa wakati mmoja, kwa sababu karakana yake ilikuwa jiko la nyumbani kwake! Baadaye alijenga kiwanda na kupata fedha nyingi, lakini kufikia mwaka 1924 alikuwa amefilisika.

Vifaa vya wakati huo havikujali utamu wa muziki. Vilitakiwa kuleta ishara ieleweke, basi. Mabadiliko yakaja mwaka 1937, kampuni ya Eugen Beyer ya Berlin ilipotoa DT 48, hedifoni za kwanza za aina ya dainamiki. Ndani yake koili nyepesi ya waya imeshikamana na kiwambo chembamba, mbele ya sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili inasukumwa mbele na nyuma, kiwambo kinatikisa hewa, nawe unasikia. Hedifoni nyingi zinazouzwa leo, ziwe za shilingi mia mbili au za laki moja, bado zinafanya kazi hivyo hivyo.

Muziki waingia

Mwaka 1958, mjini Milwaukee, John Koss na mhandisi Martin Lange walikuwa wametengeneza kinanda cha santuri cha kubebeka. Ili mtu asikilize bila kusumbua wenzake, wakatengeneza na hedifoni za stirio, SP/3. Walipopeleka mtambo wao kwenye maonyesho, watu hawakujali kinanda. Walizitaka hedifoni. Kilichokuwa kipuri kikawa ndiyo biashara.

Kisha mwaka 1968 Sennheiser ya Ujerumani ikatoa HD 414, zenye sponji za manjano. Hizi hazikufungwa nyuma. Hewa na sauti zilipita huru. Sauti ikawa pana na ya asili, kana kwamba muziki uko chumbani na si ndani ya fuvu lako. Ziliuzwa zaidi ya milioni 10.

Hapa ndipo historia ilipokutana na upumbavu wangu. HD 414 za kwanza zilikuwa na ukinzani wa omu 2,000. Hazikuundwa kwa ajili ya kifaa cha betri bali kwa mitambo mikubwa ya sebuleni na studio, yenye volti za kutosha. Nyingine za studio zinazouzwa hadi leo zina omu 250 au 600. Rununu haina nguvu ya kuzisukuma vizuri. Hedifoni zangu za mtumba zilikuwa za omu 250. Niliambiwa na kisanduku, maana namba ilikuwa imeandikwa, lakini sikujua kuisoma.

Somo la kwanza kwa mdogo wangu: kama utachomeka kwenye rununu au kipakatalishi, tafuta zenye omu 16 hadi 80 hivi. Zaidi ya hapo utahitaji kununua na amplifaya. Na zile zilizo wazi nyuma ni tamu sana ukiwa peke yako chumbani, lakini kwenye bweni la watu wanne utawachezea wenzako muziki wasioutaka, na wao watakuingizia stori zao.

Muziki watoka nje

Tarehe 1 Julai 1979 Sony ilianza kuuza Walkman nchini Japani kwa yeni 33,000. Tunaisifu kwa kaseti, lakini siri nyingine ilikuwa hedifoni zake. Wakati ule hedifoni za kawaida zilikuwa na uzito wa gramu 300 hadi 400. Za Walkman zilikuwa za takriban gramu 50. Bila wepesi huo nani angetembea nazo barabarani?

Walkman ile ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, na kitufe cha rangi ya machungwa cha kupunguza muziki ili wawili wanaosikiliza waweze kuongea. Watengenezaji waliona ni utovu wa adabu mtu kujifungia na muziki wake mbele ya wenzake. Matoleo ya baadaye yaliacha mambo hayo. Watu walitaka kujifungia.

Lakini kutoka nje na muziki kulileta adui mpya: kelele za nje. Ukisikiliza barabarani unaongeza sauti ili kuzishinda, nawe hujui umefika wapi. Huo ndio mluzi wangu.

Ndege, injini na makanga

Mwaka 1978 Amar Bose, profesa wa MIT, alikuwa ndegeni kutoka Zurich kwenda Boston. Akavaa hedifoni alizopewa na mngurumo wa injini ukamharibia muziki wote. Akaanza kupiga hesabu palepale safarini. Wazo lenyewe halikuwa geni. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza yake Marekani mwaka 1936. Ni hivi: maikrofoni inasikia kelele, sakiti inatengeneza wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yakikutana yanauana. Kazi ilikuwa kulifanya lifanye kazi kweli. Kampuni ya Bose ilianza kuuza hedifoni hizo kwa marubani mwaka 1989, na QuietComfort za abiria zikaja mwaka 2000.

Kumbuka shida iliyozizaa: mngurumo wa chini usiobadilika. Kwa mngurumo wa injini ya matatu zitakusaidia sana. Kwa makanga anayepiga mluzi na kugonga mlango, kidogo tu, kwa sababu sauti za ghafla na za juu ni ngumu kuziwahi. Huko kinachosaidia ni kuziba: vikombe vilivyofungwa vinavyozunguka sikio lote, au iafoni zenye mpira unaoenea vizuri tunduni. Mpira wa saizi yako haugharimu kitu zaidi, na unaweza kukuokolea masikio.

Waya wakatika

Bluetooth ilianza mwaka 1994 kwenye kampuni ya Ericsson, Uswidi, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1999. Ilikusudiwa kuondoa nyaya baina ya vifaa vidogo. Muziki wa stirio ulipata utaratibu wake rasmi mwaka 2003. Kisha Septemba 2016 Apple ikaondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7, na Desemba mwaka huo ikaanza kuuza AirPods. Watengenezaji wengi wakafuata.

Sasa nisikilize kama mwandika programu. Sauti ya Bluetooth hubanwa, hukatwa vipande, hurushwa, hupangwa foleni upande wa pili, kisha hufunguliwa. Foleni hiyo inachukua muda, mara nyingi milisekunde 100 hadi 300. Kwa muziki haina neno. Nani anajua wimbo umechelewa kuanza? Kwa filamu, programu nyingi huchelewesha picha ili midomo ilingane na sauti. Lakini gemu haiwezi kuchelewesha picha, maana inakungoja wewe. Utapigwa risasi kwanza, kisha ndipo usikie hatua za aliyekupiga.

Tena kuna jambo jingine. Xbox Live ilipoanza mwaka 2002, iliuzwa pamoja na kipaza sauti cha kichwani ili wachezaji waongee. Kuongea kukawa sehemu ya mchezo. Ila kwa Bluetooth ya kawaida, ukiwasha maikrofoni, mawasiliano hubadilika kwenda utaratibu wa simu, na sauti nzuri ya stirio inageuka ya simu ya kibanda. Hedifoni si mbovu. Ndivyo utaratibu ulivyoandikwa. Kwa gemu, basi, tumia waya, au zisizo na waya zinazokuja na kidongo chake cha USB.

Bei na masikio

Je, za bei ghali ndizo nzuri? Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 na hakuona uhusiano kati ya bei na mpangilio wa sauti zake, yaani uwiano wa besi, sauti za kati na za juu. Fedha ya ziada mara nyingi hununua uimara, starehe, au jina. Kwa hiyo usione haya kumwomba muuzaji ujaribu. Nenda na wimbo unaoujua kama jina lako. Sikiliza kama besi inaifunika sauti ya mwimbaji. Zivae dakika kumi nzima. Zikibana sasa, zitaumiza filamu ikifika nusu. Angalia kama waya unachomoka, maana waya ndio hufa kwanza.

Na usisahau masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3, muda salama unapungua nusu. Desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Seli za ndani ya sikio zikifa hazioti tena, na hakuna toleo jipya la kupakua.

Nilimjibu mdogo wangu hivi: nunua za waya, zilizofungwa nyuma, za kuzunguka sikio, omu 32, zenye waya wa kuchomoka. Kwa elfu tano utazipata, na zitakufaa kwa mambo yote matatu. Kwenye matatu vaa iafoni zenye mpira unaokutosha, na sauti isipite nusu.

Akajibu: "Sawa kaka. Lakini zenye besi?"

Nimemwambia aje Jumamosi twende pamoja. Nitabeba wimbo wangu, naye atabeba wake.