Mikono Ikiwa Kazini, Nani Asome?

Kitabu kinataka mikono, na uzi nao unataka mikono. Anayependa vyote viwili hawezi kuukwepa mgongano huo. Ndiyo maana karibu kila jamii yenye wasusi, wafumaji na watunga shanga imelazimika kuamua, bila hata kukaa kikao, ni nani atakayesoma wakati vidole vina kazi. Wengine wameyaachia macho, wengine masikio, na wengine wameyaingiza maneno ndani ya kazi yenyewe. Nimekuwa nikiuwaza mgawanyo huo tangu shule zilipofungwa mwezi Juni, kitambaa cha meza kikiwa mapajani na riwaya imelazwa kando, kurasa zimebanwa kwa kikombe zisijifunge. Mtu yeyote wa Karatu aliyewahi kufuma vitambaa vya makochi huku moyo uko kwenye hadithi anaijua hali hiyo.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana namna yao ya kuutumia mwezi wa Julai. Waendesha baiskeli wa Tour de France wanapopanda milima, wapenzi wa nyuzi hukaa kwenye magurudumu yao ya kusokotea, wakiwa wameweka nadhiri ya kusokota sufu kila siku ya mashindano. Utaratibu huo ulianza 2006 na huitwa Tour de Fleece. Wengi wao sufu iko mkononi, na sikioni kuna kitabu kinachosomwa na sauti iliyorekodiwa. Naipenda bidii yao. Ila msomaji wao hajui kama msikilizaji amecheka au ametoa chozi, na hawezi kuulizwa kwa nini mhusika fulani alimkimbia mumewe. Kila mmoja husikiliza peke yake.

Julai hiyo hiyo, Ololosokwan ni baridi. Kijiji kiko tarafa ya Loliondo, kaskazini kabisa mwa wilaya ya Ngorongoro, karibu na mpaka wa Kenya na lango la Klein la kuingilia Hifadhi ya Serengeti. Kuanzia mwezi huo hadi Oktoba nyumbu wako kaskazini mwa hifadhi, na watalii huwafuata. Kwa hiyo majira ya joto ya Ulaya, ambayo kule ni likizo, huku ndiyo msimu wa kuuza shanga. Mwanamke wa Kimaasai anayetunga shanga Ololosokwan ana mwezi wa shughuli nyingi kuliko yule wa gurudumu la sufu, maana yeye hajapewa likizo ya maji, kuni wala ndama.

Tuitazame kazi yake kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo tofauti inapoanzia. Ushanga wa kioo ni mdogo kama punje ya uwele. Ule mzuri umetoka kwa miaka mingi Jablonec, mji wa Bohemia katika nchi ya Cheki, na mafundi huupenda kwa sababu punje zake zinalingana. Ushanga wa bei rahisi una punje nene na nyembamba katika fungu moja, na hizo zikipita bila kuchambuliwa, kola nzima ya shingoni hujikunja badala ya kulala bapa. Punje hutungwa kwenye waya au uzi wa nailoni, na katikati hupitishwa vipande vya ngozi au plastiki iliyokatwa ili mistari ikae sambamba. Zamani walishonea kano za mnyama, na kamba zilitoka kwenye katani pori, oldupai, mmea uliolipa jina lake bonde linalojulikana duniani kote katika wilaya hii hii.

Kazi kama hiyo haimruhusu mtu kuinua macho. Mfumaji mzoefu hutazama pembeni, vidole vikaendelea vyenyewe. Mtunga shanga akitazama pembeni, bluu imeingia mahali pa kijani, na mstari wote unafumuliwa. Tena anahitaji mwanga wa mchana, kwa kuwa rangi hizo mbili huchanganyana jioni. Macho yamefungwa kazini. Kilichobaki huru ni sikio na ulimi. Basi chini ya mti, wanawake wanapokaa miguu wameinyoosha mbele, kusoma kwao ni kusikia. Koko, yaani bibi, anasimulia, binti anauliza, jirani anamsahihisha koko kuhusu ni rika gani lililokuwa moran, yaani vijana wapiganaji, wakati wa ukame fulani. Maktaba iko kinywani mwa aliyekaa karibu.

Pwani, mambo yaligawanywa vingine. Msusi wa ukili akishazoea, vidole vyake huenda bila macho. Anachana ukindu au miyaa, anapata chane, anatia rangi, kisha anasuka utepe mrefu ambao baadaye hushonwa kwa mzunguko kuwa mkeka, msala au kawa ya kufunikia chakula. Anaweza kusuka barazani akizungumza na wapita njia, anaweza kusuka gizani. Kwa hiyo macho yake, sikio lake na ulimi wake vyote viko huru, na hapo fasihi ilipata nafasi kubwa. Tenzi ziliandikwa zipate kusomwa kwa sauti mbele ya watu. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utenzi wake wa wosia mwaka 1858 alimlenga binti yake, lakini shairi lile limepita katika masikio ya wanawake wengi ambao hawakuwahi kulishika karatasini. Mumewe alikuwa mtawala wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, mji uliosifika kwa mafundi wake wa ngozi na vilevile kwa wanakili wa misahafu. Mji mmoja ulikuwa na sindano na kalamu, na sioni kama ni sadfa. Kunakili msahafu kwa mkono ni kazi ya vidole kama kudarizi. Inataka subira ile ile na mgongo ule ule ulioinama.

Lakini tusiipambe Pwani kupita kiasi. Sayyida Salme, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sultani Said, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 jinsi mabinti wa jumba la kifalme walivyofundishwa kusoma Kurani na kushona, ila si kuandika. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, akiiga herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mkono wa binti uliruhusiwa sindano ukanyimwa kalamu. Kila nikiukumbuka mfupa ule namwona mwanamke aliyeelewa kwamba kusikiliza peke yake kuna mpaka, hata kama msomaji ana sauti nzuri. Anayesikiliza tu hupokea maneno ambayo mwingine ameyachagua.

Kanga ilileta jibu jingine. Karne ya 20 ilipoanza, wafanyabiashara wa Mombasa, ambao maarufu kati yao ni Kaderdina Hajee Essak anayejulikana kwa jina la Abdulla, walianza kuchapa maneno juu ya nguo, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye za Kilatini. Pindo lipo, mji upo, na chini yake jina. Mwanamke hakulazimika tena kuweka kazi chini ili asome. Alivaa anachokisoma, na zaidi ya hapo alimsomesha jirani bila kufungua mdomo. Hata asiyejua herufi alijua kanga gani inasema nini, kwa sababu dukani aliuliza kabla ya kununua.

Watu wengi hupenda kusema kwamba shanga za Kimaasai nazo ni maandishi, na hutoa orodha: nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa, bluu ni mbingu, kijani ni majani ya malisho. Orodha hiyo inamfaa mgeni mwenye dakika tano. Donna Klumpp na Corinne Kratz, katika utafiti wao wa 1993 kuhusu shanga za Wamaasai na za Waokiek, wanaonyesha jambo pana zaidi: maana imo katika jinsi rangi zinavyopangwa na kukatizana, na mpangilio huo hutofautisha mwanamke na mwanamume, rika na rika, eneo na eneo, hata Mmaasai na jirani yake Mwokiek anayeazima mapambo hayo na kuyageuza kidogo yawe yake. Rika jipya la moran huja na mitindo yake. Kwa hiyo mwenye jicho lililofundishwa hutazama kola au mkufu akajua aliyevaa ametoka upande gani na yuko hatua gani ya maisha. Isurutia, mapambo ya shaba yaliyoviringwa ya mwanamke aliyeolewa, hayahitaji maelezo kwa anayeyajua.

Hapa ndipo ninapoona kwamba kanga na shanga hazilingani, ingawa zinafanana kwa mbali. Jina la kanga anaweza kulisoma mtu yeyote mwenye darasa la tatu, kutoka Lamu hadi Kigoma. Shanga husomwa na mtu aliyelelewa karibu na wanaozitunga. Kanga ina wasomaji wengi zaidi. Shanga ina wasomaji wachache wanaojuana, na ujuzi wao hauwezi kununuliwa pamoja na bangili. Mimi siioni hali hiyo kama upungufu wa shanga. Inanitia wasiwasi kwa sababu nyingine: binti akiacha kukaa chini ya ule mti, hakuna duka ambako atakwenda kuuliza.

Hapa Karatu jambo hilo limekwisha kutokea. Wasichana wa Kiiraqw zamani walikaa ndani kwa mafunzo ya marmo, na huko walishona sketi za ngozi zilizopambwa kwa shanga, kila mmoja ya kwake, huku wanawake wazima wakiwafunda. Mkono ulijifunza mshono na sikio likajifunza maisha, kwa wakati mmoja, chumba kimoja. Desturi ile ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Baadhi ya sketi zimehifadhiwa katika makumbusho ya ng'ambo, zimenyooshwa nyuma ya kioo, na anayezitazama anaziona ni nzuri sana bila kuweza kuzisoma.

Kuhusu kiondo, kikapu cha nyuzi, nitasema kwa ufupi. Wanawake wa Kikamba na Kikuyu waliweza kukisuka hata njiani, wakitembea, mzigo uko mgongoni. Kazi yao iliacha huru hata miguu. Nyuzi za awali zilitoka kwenye magome ya miti, mbuyu ukiwa mmoja wao, kisha mkonge ukachukua nafasi.

Sasa turudi kwenye swali la msomaji. Mwaka 1865, katika viwanda vya sigara vya Havana, wafanyakazi walikubaliana kumlipa mtu kutoka mifukoni mwao awasomee magazeti na riwaya huku wao wakiviringisha tumbaku. Walichagua wenyewe cha kusomwa. Nauona mpango ule kuwa bora kuliko vyote nilivyovitaja, kwa sababu uliunganisha mambo mawili ambayo kwingine yametengana: maandishi, na msomaji aliyekaa hapo hapo. Sisi Watanzania tulikuwa na kampeni kubwa na ya heshima; Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mamilioni walishika kitabu kwa mara ya kwanza. Lakini darasa la kisomo lilimtaka mama aje na mikono mitupu. Aliyekuwa na kazi mkononi alichagua kazi, na hakuna wa kumlaumu.

Ololosokwan ina vifaa ambavyo vijiji vingi havina. Redio ya jamii ya Loliondo FM ilianzishwa huko kwa msaada wa UNESCO, na shirika hilo hilo pamoja na Samsung walijenga kijiji cha kidijitali chenye darasa la intaneti linaloendeshwa kwa umeme wa jua. Sikio la mtunga shanga, kama tulivyoona, liko wazi mchana kutwa. Kipindi cha riwaya ya Kiswahili saa nne asubuhi, mwanga ukiwa mzuri kwa rangi, kingemkuta kazini. Na likizo ya katikati ya mwaka humleta nyumbani mtoto wa shule anayesoma Kiswahili vizuri na kuzungumza Kimaa, lugha ya Wamaasai, vizuri zaidi. Akae karibu na yeyo, mama yake, asome aya, aitafsiri, wabishane. Ningeanza na Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, maisha ya mwimbaji aliyezaliwa na mama mfinyanzi kisha sauti yake ikarekodiwa Bombay mwaka 1928. Wanaoishi kwa kazi ya mikono wataona mara moja kinachozungumzwa.

Kuna jambo moja zaidi. Katika masoko ya shanga ya Arusha na barabara za kuelekea hifadhini, bangili nyingi sasa zina herufi: TANZANIA, HAKUNA MATATA, bendera za Ulaya, hata jina la mteja aliyeagiza jana. Shanga zimefika zilipofika kanga karne iliyopita, isipokuwa kwamba maneno yanachaguliwa na mnunuzi. Mwanamke anaunda S kwa kuhesabu punje, safu kwa safu, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kuiandika kwa kalamu. Anayeweza kuitunga herufi hiyo anaweza kutunga anachotaka kusema mwenyewe, kwa Kiswahili au kwa Kimaa, lugha yenye tahajia yake, kamusi, na Biblia nzima tangu 1991. Ningependa kuivaa bangili ya namna hiyo, hata kama itabidi nimwombe mtoto wa aliyeitunga anisomee.