Olusuba na Lugha za Kompyuta

Takawiri ni kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, jirani na Mfangano, katika kaunti ya Homa Bay. Mgeni akishuka mtumbwini hapo husalimiwa kwa Dholuo. Hata hivyo visiwa hivi ni nchi ya Abasuba, ambao simulizi zao zinawatoa Buganda na Busoga zaidi ya karne mbili zilizopita, na lugha waliyokuja nayo, Olusuba, ni ya Kibantu. Dholuo ni ya Kiniloti. Koo za lugha hizi mbili hazikutani popote.

Hakuna aliyeamuru Olusuba ipungue. Wanaume wa Kisuba walioa wanawake wa Kijaluo, na watoto wakaanza kuzungumza kama mama zao. Uvuvi na soko vikadai lugha ya walio wengi. Kisha wamisheni wakahubiri na kufundisha kwa Dholuo, ambayo ilipata Biblia kamili mwaka 1953. Vizazi vichache vikatosha: watu wakabaki Abasuba, lugha ikahama.

Miaka hiyohiyo, Marekani, lugha za aina nyingine, za kompyuta, zilikuwa zikizaliwa. John Backus na wenzake wa kampuni ya IBM walitoa Fortran mwaka 1957. Ilikuwa na waasisi, tarehe na kitabu cha maelekezo kabla ya kuwa na watumiaji. Mwaka 1960 ikaja ripoti ya Algol 60, iliyoandika sarufi ya lugha nzima katika kurasa chache, jambo ambalo hakuna mwanaisimu aliyewahi kulimaliza kwa Olusuba wala kwa Kiswahili. Sarufi ile ni sheria. Ya kwetu ni taarifa tu ya yale ambayo watu tayari wanayasema. Mvuvi akichanganya Dholuo na Olusuba katika sentensi moja, mwenzake anaelewa na nyavu zinavutwa. Kompyuta ikikuta alama moja isiyoijua, inakataa programu yote.

Hata kufa kwao ni tofauti. Toleo la pili la Python, lugha nyingine ya kompyuta, lilitangaziwa mwisho wake mapema: matunzo yalikoma tarehe 1 Januari 2020. Na bado mtu akitaka kuendesha programu zake za zamani anaweza, kwa kuwa kila kanuni imehifadhiwa. Olusuba haina akiba ya namna hiyo. Kamusi itatunza maneno, lakini namna mkwe anavyoombwa radhi au mtoto anavyobembelezwa inaishi kinywani, na kinywa hicho kikifungwa hakuna mashine ya kukirudisha. Ndiyo maana naona kazi inayofanyika Mfangano ni ya haraka kuliko programu yoyote: Agano Jipya limetafsiriwa kwa Olusuba, makumbusho ya Abasuba yamefunguliwa, na redio ya Ekialo Kiona imeipeleka lugha hiyo hewani, ikawafikia vijana ambao nyumbani husikia Dholuo peke yake.