Undugu wa Chumvi: Waha wa Heru na Chemchemi za Uvinza

Mwaka 1904, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, wanafunzi wanne wa uhandisi waliunda umoja wakauita Jumuiya ya Nyundo na Koleo. Baadaye ukajulikana kama Theta Tau. Walikopa zana za mhunzi, ingawa wao walikuwa watu wa vitabu, na wakaweka masharti ya kuingia. Kwa kipimo hicho mtu ataamua haraka kwamba nyanda za juu za Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, hazikuwahi kuwa na undugu wa ufundi. Mimi nasema kipimo ndicho kinachotupotosha, na ushahidi wangu ni chumvi.

Heru Juu, upande wa Kasulu, ilikuwa makao ya mwami wa Heru, utawala mmojawapo wa Buha, kama Muhambwe ulivyokuwa upande wa Kibondo. Kutoka kwenye miinuko hiyo mto Ruchugi huteremka hadi Malagarasi, na karibu na makutano yao zipo chemchemi za Uvinza. Uchunguzi wa akiolojia wa J. E. G. Sutton na Andrew Roberts, miaka ya 1960, ulionyesha kwamba chumvi ilipikwa pale tangu milenia ya kwanza baada ya Kristo. Ilikuwa kazi ya kiangazi, kwa sababu mvua na mafuriko ya mto huyapunguza makali maji ya chemchemi. Waha waliteremka, wakakutana na Wavinza, Wajiji, Wanyamwezi na wengine. Yalifanywa matambiko kwenye chemchemi kabla ya msimu kufunguliwa. Ndipo kuni zikakatwa, vyungu vikatengwa mafigani, maji yakachemshwa hadi yakauke. Watawala wa Uvinza walitwaa sehemu yao, iliyobaki ikafungwa mizigo na kupelekwa mbali, hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Mpinzani atasema: hao walikuwa walipa ushuru waliokusanywa na njaa ya biashara, basi. Hawakuwa na kiapo, wala jina, wala orodha ya wanachama. Ni kweli, na sitawabunia kiapo. Lakini mtawala alitoza mazao, kuchemsha hakukumhusu. Ilibidi wageni wa lugha mbalimbali wagawane maji, kuni na nafasi ya kuweka moto, tena mwaka baada ya mwaka, na ujuzi upite kutoka mkono hadi mkono bila mwalimu wa kuajiriwa. Kufuata utaratibu wa chemchemi ndiko kulikomwingiza mtu, hata awe Mha wa Heru aliye mbali na mwami wake. Nyundo na Koleo ilichagua wachache kutoka darasani. Uvinza ilimpokea yeyote aliyeheshimu tambiko na kutoa fungu la mtawala. Nauona undugu wa Uvinza kuwa mpana zaidi, na wenye kazi halisi ndani yake.

Haukuuawa na kukosa kiapo. Enzi za Wajerumani chemchemi zilishikwa na kampuni, na uzalishaji ukageuka kuwa wa kiwanda. Aliyekuwa akiteremka na kuondoka na mzigo wake mwenyewe sasa alipaswa kuuza nguvu zake kwa mshahara. Mwenye kuandika historia ya vyama vya wafanyakazi Kigoma asianzie kwenye daftari la kwanza la uanachama, aanzie Ruchugi.